Harry Marshall Ward, Kutu ya Kahawa na Mwanga wa Jua

Bila shaka umewahi kumwona mama au bibi yako akitoa nje godoro lililoingia unyevu na kulianika juani tangu asubuhi hadi alasiri. Ukimwuliza sababu, atakuambia kwamba jua hulikausha godoro na kuliondolea harufu mbaya. Jibu hilo ni sahihi, lakini halijakamilika. Katika mwanga wa jua mna miale isiyoonekana kwa macho, nayo miale hiyo huua viumbe vidogo sana ambavyo navyo havionekani kwa macho.

Katika somo hili utasoma maisha ya mtaalamu mmoja wa mimea. Ujanani mwake alichunguza jinsi upepo unavyouchukua ugonjwa wa mimea kutoka shamba hadi shamba. Miaka kumi na zaidi baadaye, akiwa katika nchi nyingine na akishughulika na jambo jingine kabisa, alionyesha kwa majaribio nguvu ambayo mwanga wa jua unayo juu ya viumbe hao wasafirio. Jina lake ni Harry Marshall Ward. Alikufa zamani, mwaka 1906, lakini ugonjwa alioanza nao kazi yake ungalipo. Ikiwa unaishi Kilimanjaro, Kagera au Mbinga, huenda umekwisha kuuona katika shamba la wazazi wako bila kujua habari zake.

Ward alizaliwa tarehe 21 Machi, 1854, katika mji wa Hereford, Uingereza. Baba yake alikuwa mwanamuziki. Kijana huyo hakufuata kazi ya baba. Alivutiwa na viumbe hai. Mwaka 1875 alikwenda London kusoma kwa Thomas Huxley, mwalimu aliyekuwa mashuhuri sana siku zile. Huxley hakutaka wanafunzi wake wakariri vitabu tu. Aliwataka wapasue mimea na wanyama kwa mikono yao wenyewe, na wavitazame kwa hadubini. Hadubini, kama ulivyojifunza, ni chombo chenye lenzi ambacho hukuza vitu vidogo hata tukaviona. Ward aliizoea hadubini mapema, nayo haikumtoka mkononi maisha yake yote. Baadaye alisoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akamaliza mwaka 1879.

Mwaka uliofuata alipewa kazi ngumu. Alipelekwa katika kisiwa cha Ceylon, ambacho siku hizi ni nchi ya Sri Lanka, akachunguze ugonjwa uliokuwa ukiangamiza kahawa. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano.

Ili uelewe uzito wa kazi hiyo, ni lazima ujue hali ya kisiwa hicho wakati huo. Ceylon ilikuwa koloni la Waingereza. Misitu ya milimani ilikuwa imefyekwa, na mahali pake palipandwa mibuni, mlima baada ya mlima, hata zikafika zaidi ya ekari laki mbili. Kazi ya mashamba ilifanywa na maelfu ya vibarua walioletwa kutoka kusini mwa India. Meli zilijazwa kahawa bandarini Colombo na kuipeleka Ulaya. Watu wengi waliishi kwa zao hilo moja: wenye mashamba, wachukuzi, wenye maduka, mabenki, na serikali yenyewe.

Ndipo mwaka 1869 yakaonekana madoa ya rangi ya chungwa upande wa chini wa majani ya mibuni. Ukiligusa doa kwa kidole, ungebaki na vumbi la rangi hiyo, mithili ya kutu ya chuma. Kwa hiyo ugonjwa huo uliitwa kutu ya majani. Mwanzoni watu hawakuujali. Lakini majani yenye madoa yalipukutika kabla ya wakati wake, na utakumbuka kwamba majani ndiyo jiko la mmea. Mbuni uliopoteza majani hauwezi kujipatia chakula cha kutosha, na buni zake huwa chache na hafifu. Mwaka baada ya mwaka mavuno yalipungua.

Wataalamu waliitambua kutu hiyo kuwa ni aina ya kuvu, nayo ikapewa jina la kisayansi la Hemileia vastatrix. Neno hilo la pili lina maana ya mharibifu. Haukuwa ugonjwa wa Ceylon kwa asili. Imeandikwa kwamba kutu hiyo ilikuwa imeonekana mwaka 1861 katika mibuni ya mwituni kandokando ya Ziwa Viktoria, yaani hapa kwetu Afrika Mashariki. Huku kwetu mibuni ya mwituni ilitawanyika msituni, kati ya miti ya aina nyingine nyingi. Kule Ceylon kutu ilikuta mibuni mingi ajabu imesimama bega kwa bega.

Ward alipofika, kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wengine walidai kwamba udongo umechoka. Wengine walisema hali ya hewa imebadilika, au mibuni imezeeka. Wengine walinyunyiza unga wa kiberiti na chokaa wakitumaini kwamba ugonjwa utakoma. Ward hakuanza kwa kubishana nao. Alianza kwa kutazama.

Kwanza alilichunguza lile vumbi la rangi ya chungwa kwa hadubini, akaliona kuwa ni chembe nyingi sana, kila moja ikiwa ndogo kupita kiasi. Chembe hizo ndizo kuvu hutumia kuzaana, nazo huitwa spora. Spora ni kwa kuvu kama mbegu ilivyo kwa mmea, ingawa umbile lake ni sahili zaidi. Doa moja la kutu linaweza kutoa spora zaidi ya laki moja katika miezi michache. Hebu fikiri: doa lenyewe si kubwa kuliko kifungo cha shati, na jani moja huweza kuwa na madoa mengi, na mti mmoja majani mengi, na shamba moja miti maelfu.

Pili, alitaka kujua spora hizo zinavyosafiri. Alichukua vipande vya kioo, akavipaka kitu chenye kunata, akaviweka mashambani kati ya mibuni. Baadaye alivikusanya na kuvitazama kwa hadubini. Spora zilikuwa zimenaswa juu ya vioo kama wadudu wanavyonaswa katika ulimbo. Basi hewa ya mashamba ilikuwa imejaa spora, ingawa aliyesimama pale akivuta pumzi hakuona kitu. Upepo ulikuwa ukizibeba.

Tatu, Ward aliziweka spora katika matone ya maji juu ya majani mazima yasiyo na ugonjwa. Aliona jinsi spora inavyoota ikiwa na maji: hutoa mrija mwembamba, na mrija huo hutambaa juu ya jani mpaka uupate mmojawapo wa vile vitundu vidogo ambavyo jani hupumulia. Vitundu hivyo katika jani la mbuni viko upande wa chini. Mrija huingia kupitia kitundu, ukatanda ndani ya jani na kunyonya chakula chake. Baada ya wiki mbili hivi, doa jipya hutokea palepale tone lilipowekwa.

Kwa jaribio hilo mabishano yote juu ya udongo uliochoka yalipaswa kwisha. Jani zima la mti wenye afya liliugua kwa sababu spora iliwekwa juu yake. Pia sasa ilieleweka kwa nini unga wa kiberiti haukusaidia. Kuvu iliyokwisha kuingia ndani ya jani haifikiwi kwa urahisi na dawa inayopakwa nje.

Wenye mashamba walikuwa wakingoja dawa. Ward aliandika taarifa tatu, na katika zote tatu hapakuwa na dawa ya kuponya. Alieleza kwamba kuvu imekuta chakula tele kisicho na mwisho, na kwamba kupanda aina moja ya mmea katika eneo kubwa, pasipo kitu cha kuutenga mti na mti au kuuzuia upepo, ndiko kulikoipa kutu njia. Mashamba yalikuwa yamekwisha kupandwa. Misitu ilikuwa imekwisha kufyekwa. Watu wengi walimlaumu kwa kuwa hakuleta walichokitaka. Sisi tunaona kwamba hawakumtendea haki, maana daktari anayetambua ugonjwa hasa hawezi kulaumiwa kwa sababu aliitwa umechelewa. Ward aliondoka Ceylon mwaka 1882. Kufikia mwisho wa miaka ya 1880 kahawa ya kisiwa hicho ilikuwa karibu imekwisha. Mwaka 1884 benki moja kubwa iliyokopesha fedha kwa mashamba hayo ilifilisika. Vibarua wengi walikosa kazi na kurudi kwao India wakiwa mikono mitupu. Mahali pa mibuni palipandwa michai, na ndiyo maana hata leo Sri Lanka hujulikana kwa chai.

Huenda sasa unajiuliza swali. Tumesema kwamba jua huua viumbe vidogo. Ceylon iko karibu na Ikweta, na jua lake ni kali kama letu. Mbona jua hilo halikuziua spora za kutu na kuiokoa kahawa? Liweke swali hilo akilini, maana tutalirudia. Kwanza tumfuate Ward hadi Uingereza.

Huko alifundisha kwa muda mjini Manchester, akaoa mwaka 1883, na mwaka 1885 akawa profesa wa elimu ya mimea katika chuo cha Cooper's Hill, kilichojengwa juu ya kilima karibu na Mto Thames. Mwaka huohuo alizaliwa mwanawe, Frank, ambaye baadaye alikuwa msafiri mashuhuri aliyetafuta mimea katika milima ya Asia. Baba na mwana wote walipenda mimea, ila baba aliitazama kwa hadubini, na mwana aliitafuta kwa miguu.

Watu wa London walikunywa maji yaliyotoka katika Mto Thames. Mto huo ulipokea uchafu wa miji mingi, na watu walikuwa na hofu juu ya magonjwa. Katika miaka ya mwanzo ya 1890, Ward na mkemia aitwaye Percy Frankland walipewa kazi ya kuchunguza bakteria wanaoishi katika maji hayo. Bakteria ni viumbe wadogo zaidi hata kuliko spora za kutu. Ward alichagua kuwachunguza bakteria wa kimeta. Kama unatoka katika jamii ya wafugaji, umekwisha kulisikia jina hilo: kimeta huua ng'ombe, mbuzi na kondoo, na huweza kumwua mtu pia. Bakteria wa kimeta wanapokosa chakula hujifunga ndani ya ganda gumu, na katika hali hiyo nao huitwa spora. Angalia tofauti hapa. Spora ya kuvu ni ya kuzaana; spora ya bakteria ni ya kustahimili shida. Spora za kimeta hustahimili ukame, baridi na joto, na huweza kukaa udongoni miaka mingi. Ward aliona kwamba kitu kitakachoweza kuziua hizo, hakika kina nguvu.

Tayari mwaka 1877 Waingereza wawili, Downes na Blunt, walikuwa wameonyesha kwamba mwanga wa jua huzuia bakteria kukua. Lakini wengi bado walikuwa na mashaka. Labda kilichoua ni joto la jua, walifikiri, wala si mwanga. Au labda mwanga hukiharibu chakula walichowekewa bakteria, wakafa kwa njaa. Ward alibuni jaribio la kulitatua jambo hilo, nalo ni zuri hata leo hutumika kufundishia.

Alichanganya spora za kimeta na agari. Agari ni kitu kinachotokana na aina ya mwani. Kikichemshwa huyeyuka, na kikipoa huganda kama uji uliolala. Alikimimina katika sahani bapa za kioo kikawa utando mwembamba. Kisha alifunika sahani kwa kitu cheusi kisichopitisha mwanga, ambacho alikuwa amekikata tundu lenye umbo la herufi. Aliiweka sahani kwenye mwanga wa jua kwa muda wa saa kadhaa. Mwanga uliweza kupita katika lile tundu la herufi peke yake. Baadaye aliiweka sahani gizani mahali penye uvuguvugu, akangoja siku mbili hivi.

Alipoitazama, utando wote ulikuwa umefifia na kuwa mweupe kama maziwa, kwa sababu bakteria walikuwa wameota na kuongezeka kila mahali. Kila mahali, isipokuwa mahali pamoja. Pale mwanga ulipopita, palikuwa pangavu kama kioo safi. Herufi ilisomeka wazi, imeandikwa na jua. Ndani ya herufi hiyo hapakuwa na bakteria hata mmoja aliyeota.

Ward hakuridhika upesi. Aliupima joto wa sahani, akahakikisha kwamba hakikuua joto, kwa kuwa sahani zilizopata joto lilelile bila mwanga ziliota bakteria kama kawaida. Kisha aliuliza swali jingine: je, mwanga wote huua, au ni sehemu yake tu?

Umekwisha kuuona upinde wa mvua. Unajua basi kwamba mwanga mweupe wa jua ni mchanganyiko wa rangi nyingi: nyekundu, rangi ya chungwa, njano, kijani, buluu, nili na urujuani. Ward aliweka mbele ya sahani zake vioo na maji ya rangi mbalimbali, ili mwanga wa rangi fulani upite na mwingine uzuiwe. Mwanga ulipopita katika rangi nyekundu, ya chungwa au ya njano, bakteria hawakudhurika. Ulipopita katika rangi ya buluu, walikufa. Aliendelea kwa kutumia taa kali ya umeme na vyombo vilivyochongwa kutokana na jiwe angavu linaloipitisha miale ambayo kioo cha kawaida huizuia. Akaona kwamba uwezo wa kuua upo katika buluu na urujuani, na hata ng'ambo ya urujuani, mahali ambapo jicho la mtu halioni rangi yoyote. Miale hiyo isiyoonekana huitwa miale ya urujuanimno.

Leo tunajua kinachotendeka. Miale ya urujuanimno hupenya ndani ya seli na kuharibu ile sehemu inayotunza maagizo ya uhai. Seli ambayo maagizo yake yameharibiwa haiwezi kujigawa, na isipoweza kujirekebisha hufa. Kwa bahati njema, hewa iliyo juu sana angani huzuia sehemu kubwa ya miale hiyo isitufikie. Ile kidogo inayopenya ndiyo inayofanya kazi katika godoro la bibi yako.

Kwa kazi zake Ward alitunukiwa nishani ya Kifalme mwaka 1893. Mwaka 1895 alichaguliwa kuwa profesa wa mimea huko Cambridge, chuo alikosoma, na alisimamia ujenzi wa jengo jipya la elimu hiyo, ambalo lilifunguliwa mwaka 1904. Katika miaka hiyo ya mwisho alizirudia kutu, safari hii zile zinazoshambulia majani ya nyasi. Alichunguza kwa nini kutu ileile hushika aina moja ya nyasi na kushindwa kuishika nyingine iliyo jirani yake. Lakini afya yake ilikuwa imeharibika. Alifariki dunia tarehe 26 Agosti, 1906, mjini Torquay, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili.

Sasa turudi kwenye swali letu. Kwa nini jua la Ceylon halikuiokoa kahawa?

Likumbuke jaribio la vioo vya rangi. Rangi ya chungwa iliwakinga bakteria, kwa sababu iliizuia miale ya buluu na urujuani. Je, spora za kutu zina rangi gani? Zina rangi ya chungwa! Ndani yake mna rangi ya jamii moja na ile iliyomo katika karoti. Spora za kutu husafiri juani zikiwa na kinga yake. Kuvu nyingine zina spora nyeusi au za kahawia, zenye rangi ya jamii ya ile inayoifanya ngozi yetu kuwa nyeusi na kuikinga isiunguzwe na jua. Wataalamu waliokuja baada ya Ward wameona kwamba kwa kawaida spora zenye rangi hustahimili jua zaidi ya zile zisizo na rangi.

Tena, spora za kutu ya kahawa hutoka upande wa chini wa jani, na jani lenyewe huzitilia kivuli. Huota katika maji, na mwanga mkali huzichelewesha kuota. Kwa hiyo huota vizuri zaidi usiku, majani yanapokuwa yamelowa umande au mvua. Jua linapochomoza, mrija mara nyingi umekwisha kuingia ndani ya jani, mahali ambapo miale haiufikii. Kisha kulikuwa na mvua. Majira ya mvua huko Ceylon huleta mawingu siku nyingi mfululizo, na matone huzirusha spora kutoka jani hadi jani. Mwisho, usisahau wingi wake. Hata jua likiua spora elfu tisa katika kila elfu kumi, elfu moja zilizobaki zinatosha kabisa kulitia ugonjwa shamba la jirani. Katika msitu wenye mibuni michache iliyotawanyika, nyingi za hizo elfu moja zingeangukia majani ya miti mingine na kufa bure. Katika Ceylon ya mwaka 1880, kila jani zilipoangukia lilikuwa jani la mbuni.

Si magonjwa yote yaliyo na kinga kama ya kutu. Utazame ugonjwa wa viazi mviringo unaowasumbua wakulima wa Mbeya na Njombe, ule unaoyafanya majani yawe meusi na kuoza kana kwamba yamebabuliwa na moto. Husababishwa na kiumbe kinachofanana na kuvu, na chembe zake za uzazi hazina rangi. Majaribio yaliyotangazwa huko Marekani mwaka 2000 yalionyesha kwamba saa moja ya jua kali iliziua karibu zote. Chini ya mawingu mazito, nyingi zilikuwa hai hata baada ya saa tatu. Hii ndiyo sababu ugonjwa huo huenea upesi siku za mawingu na ukungu. Lugha yetu ina neno moja, ukungu, kwa ile hewa nzito ya asubuhi milimani na kwa ile kuvu inayoota juu ya mkate. Wakulima wa viazi hawataona ajabu, maana wao huviona vyote viwili vikija pamoja. Siku hizi, wataalamu wanapokadiria hatari ya magonjwa ya namna hiyo, huangalia ukali wa jua na wingi wa mawingu, pamoja na mvua na upepo.

Kutu ya ngano, kwa upande mwingine, ni msafiri hodari. Spora zake zina rangi ya matofali, na huweza kuvuka bahari zikiwa hai. Mwaka 1998 aina mpya ya kutu ya shina la ngano ilionekana Uganda. Ilikuwa na uwezo wa kuishambulia ngano ambayo kwa miaka mingi haikuugua. Baadaye ilionekana Kenya, kisha Ethiopia, na mwaka 2006 ilikuwa imekwisha kufika Yemen, ng'ambo ya Bahari ya Shamu. Jua la jangwani halikuizuia.

Kwa sababu hiyo wakulima hawaliachii jua peke yake kazi ya ulinzi. Nchini Kenya aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, inayostahimili kutu, ilianza kutolewa kwa wakulima mwaka 1985. Hapa Tanzania, kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu, Kilimanjaro, nacho kimetoa aina zinazostahimili ugonjwa huo. Zaidi ya hayo mkulima hupogoa mibuni yake ili hewa na mwanga viingie kati ya matawi, na majani yakauke mapema asubuhi.

Unaweza kulifanya jaribio linalofanana na la Ward, kwa msaada wa mwalimu wako, ikiwa shule yenu ina hadubini. Hamtahitaji kimeta, kamwe usiguse mzoga wa mnyama aliyekufa kwa kimeta. Tafuta jani la mhindi au la mbuni lenye kutu. Andaa vipande vitatu vya kioo safi, kisha uligonge jani polepole juu ya kila kimoja ili vumbi kidogo liangukie juu yake. Kipande cha kwanza kiweke juani tangu saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Cha pili kiweke palepale juani kwa muda uleule, lakini ukikinge kwa karatasi nyeusi isiyogusa vumbi. Cha tatu kiweke ndani ya darasa, kivulini. Jioni, tia tone dogo la maji juu ya kila kipande, uviweke vyote ndani ya sahani yenye kitambaa kibichi, uifunike, uiache gizani usiku kucha.

Asubuhi vitazame kwa hadubini. Spora iliyo hai itakuwa imetoa mrija mwembamba. Iliyokufa itabaki kama ilivyokuwa. Hesabu spora mia moja katika kila kipande, uandike katika daftari lako ngapi zimeota. Fikiri pia kwa nini tulikiweka kipande cha pili juani chini ya karatasi nyeusi, badala ya kuvilinganisha cha kwanza na cha tatu tu. Andika na hali ya siku hiyo: je, anga lilikuwa jeupe au lilikuwa na mawingu? Kisha ulirudie jaribio siku ya hali tofauti, na uziweke hesabu zako mbili kando kwa kando.